Kusoma Rekodi za Afya za Kielektroniki kwa Python: Mwongozo wa Maktaba ya fhirclient

Kuunganisha programu ya Python na seva ya rekodi za afya za kielektroniki ni kazi ya mistari michache. Kinachochukua muda ni kupata uhakika kwamba orodha uliyoletewa imetimia, kwamba vipimo vilivyomo havijafutwa na waliovinakili, na kwamba namba unazozijumlisha ziko katika kizio kimoja. Seva haitakuonya juu ya lolote kati ya hayo. Itarudisha hali ya 200, yaani ombi limefaulu, maktaba itakukabidhi vitu vilivyopangwa vizuri, nawe utachora jedwali lenye makosa bila hitilafu hata moja kujitokeza kwenye skrini. Mwongozo huu unaifuata njia yote, kuanzia kusakinisha maktaba hadi kuomba ruhusa, lakini utakaa zaidi pale ambapo makosa ya namna hiyo hujificha. Msomaji anachukuliwa kuwa anaijua Python kiasi cha kuandika funksheni na kitanzi. Ujuzi wa tiba si lazima, ingawa kuwa na mtu wa tiba wa kumuuliza ni jambo lisilo na mbadala.

Kinachozungumzwa na seva

Seva nyingi za leo za rekodi za afya hutumia kiwango kiitwacho FHIR, kinachosimamiwa na HL7, shirika la viwango lililoanzishwa mwaka 1987. Mwanzilishi wa kiwango hicho ni Grahame Grieve wa Australia, aliyeanza kukiunda mwaka 2011 kwa nia ya kutumia njia zile zile ambazo wavuti inazitumia kila siku, yaani HTTP, JSON na anwani za kawaida. Rekodi ya mgonjwa hukatwa vipande vinavyoitwa rasilimali. Mgonjwa mwenyewe ni rasilimali ya Patient, kipimo au uchunguzi wowote aliofanyiwa ni Observation, hudhurio lake kituoni ni Encounter, tatizo la kiafya lililotambuliwa ni Condition, na dawa aliyoandikiwa ni MedicationRequest.

Kila rasilimali ina anwani inayoundwa na anwani ya msingi ya seva, aina ya rasilimali na utambulisho wake, na rasilimali moja huielekeza nyingine kwa njia hiyo hiyo. Observation ya kawaida haibebi taarifa za mgonjwa ndani yake. Ina kiashiria tu, mathalani Patient/123, na ni juu yako kukifuata.

Unaweza kufanya haya yote kwa maktaba ya kawaida ya maombi ya HTTP na kusoma JSON kwa mkono. Kwa kazi ndogo ya siku moja hilo halina ubaya. Programu ikishakua, hata hivyo, fhirclient hukupunguzia kazi tatu: hugeuza JSON kuwa vitu vya Python vyenye sehemu zinazojulikana, hukagua kama sehemu za lazima zipo na ni za aina sahihi, na hushughulikia mzunguko wa ruhusa wa SMART, utaratibu wa kuziruhusu programu kuzifikia rekodi za afya. Maktaba hii hutolewa na mradi wa SMART, uliozaliwa katika Boston Children's Hospital na Harvard Medical School, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Hatua ya kwanza: jua toleo la seva kabla ya kusakinisha chochote

FHIR imetoka kwa matoleo kadhaa yasiyolingana kikamilifu: DSTU2 mwaka 2015, STU3 mwaka 2017, R4 mwishoni mwa mwaka 2018, na R5 mwezi Machi 2023. R4 ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo ya kwanza ambayo baadhi ya sehemu zake zilitangazwa kuwa thabiti. Tofauti kati ya matoleo si za mapambo. Maagizo ya dawa yaliitwa MedicationOrder katika DSTU2, kisha yakawa MedicationRequest kuanzia STU3. Sehemu ya class ndani ya Encounter ilikuwa neno moja katika DSTU2, ikawa Coding moja (msimbo pamoja na mfumo wake) katika STU3 na R4, halafu ikawa orodha katika R5.

Ili kujua seva yako iko wapi, fungua kwenye kivinjari anwani yake ya msingi ikifuatiwa na `/metadata`. Kwa kawaida ukurasa huo hauhitaji nywila. Utapata rasilimali ya CapabilityStatement, ambamo sehemu ya `fhirVersion` hutaja toleo, kwa mfano 4.0.1 ambalo ni R4. Usiifunge haraka: tamko hilo hilo huorodhesha aina za rasilimali zinazotolewa na vigezo vya utafutaji vinavyokubalika kwa kila aina, nawe utalihitaji tena katika hatua ya nne.

Matoleo ya fhirclient hufuata yale ya FHIR: mfululizo wa 4 ni wa R4 na mfululizo wa 3 ni wa STU3. Ukitumia mfululizo usiolingana na seva, baadhi ya rasilimali zitasomeka na nyingine zitakataliwa, na utapoteza muda mwingi kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Hatua ya pili: sakinisha na uunganishe na seva ya majaribio

Tengeneza mazingira pepe ya Python kwa ajili ya mradi huu peke yake, kisha sakinisha:

```
pip install fhirclient
```

Usianze na seva yenye wagonjwa halisi. Mradi wa SMART huweka hadharani seva ya R4 yenye wagonjwa wa kubuni, na mradi wa HAPI FHIR, unaotengeneza programu huria ya seva za FHIR, una seva yake ya wazi katika hapi.fhir.org. Hiyo ya pili huruhusu mtu yeyote kuandika, kwa hiyo utakutana na takataka za kila aina zilizoachwa na wengine. Kwa maoni yangu hilo ni faida, kwa sababu msimbo unaostahimili data ya pale utastahimili mengi. Usiandike humo taarifa za mtu halisi, hata zako mwenyewe.

```python
from fhirclient import client
import fhirclient.models.patient as p

mipangilio = {
    'app_id': 'programu_yangu',
    'api_base': 'https://r4.smarthealthit.org',
}
smart = client.FHIRClient(settings=mipangilio)
```

Mpangilio wa `app_id` unatakiwa hata pale ambapo seva haiulizi wewe ni nani. Anwani ya msingi iandikwe kama mwenye seva alivyoitoa, pamoja na njia yoyote inayofuata jina la seva: HAPI huishia na `/baseR4`, na OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za afya, ikiwa na moduli ya FHIR2 huishia na `/ws/fhir2/R4`. Ukiisahau njia hiyo, kila ombi litarudi na 404, na ujumbe wa hitilafu hautakueleza kwamba tatizo ni anwani.

Hatua ya tatu: soma mgonjwa mmoja

```python
mgonjwa = p.Patient.read(namba, smart.server)

if mgonjwa.name:
    print(smart.human_name(mgonjwa.name[0]))
if mgonjwa.birthDate:
    print(mgonjwa.birthDate.as_json())
```

Kigezo cha `namba` hapa ni utambulisho wa rasilimali ndani ya seva. Si namba ya jalada la hospitali wala namba ya kitambulisho cha taifa. Hizo hukaa katika sehemu ya `identifier`, ambayo ni orodha, na kila moja ina mfumo ulioitoa pamoja na thamani yake. Ukiwa na namba ya jalada, hutumii `read`. Unatafuta kwa kigezo cha `identifier` chenye umbo la mfumo, mstari wima, kisha thamani. Ukitafuta kwa thamani peke yake bila mfumo, unaweza kuletewa wagonjwa wawili waliopewa namba moja na vituo viwili tofauti.

Angalia pia kwamba msimbo huo unauliza kama jina lipo kabla ya kulitumia. Katika Patient ya R4 hakuna hata sehemu moja ya msingi iliyo ya lazima: mgonjwa asiye na jina, asiye na jinsia na asiye na tarehe ya kuzaliwa ni rasilimali halali kabisa, na ndivyo mtu aliyeletwa akiwa hajitambui anavyoandikishwa. Katika fhirclient, sehemu isiyokuwepo huwa `None`, hata ile ambayo ingekuwa orodha. Kwa hiyo kila kitanzi kiandikwe kwa umbo la `for n in mgonjwa.name or []`, na mazoea hayo yaanze siku ya kwanza.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. FHIR inaruhusu tarehe ya kuzaliwa kuwa mwaka tu, kwa mfano 1984, au mwaka na mwezi. Kitu cha tarehe cha Python hakiwezi kukosa mwezi na siku, kwa hiyo mwaka mtupu ukigeuzwa kuwa kitu hicho hupata tarehe 1 Januari isiyoandikwa na mtu yeyote. Ndiyo sababu mfano hapo juu umetumia `as_json()`, ambayo huhifadhi maandishi kama yalivyotoka kwenye seva. Hesabu umri baada ya kutazama urefu wa maandishi hayo. Ukiona kundi kubwa la wagonjwa waliozaliwa tarehe 1 Januari, hata hivyo, usiilaumu maktaba moja kwa moja, kwani mara nyingi waandikishaji wenyewe ndio waliojaza hivyo ili fomu ikubali.

Sehemu moja zaidi ya Patient hupuuzwa na wengi: `link`. Mgonjwa akigundulika kuandikishwa mara mbili, rasilimali moja inaweza kubaki ikiwa na kiungo cha aina ya `replaced-by` kinachoelekeza kwenye ile inayotumika. Anayehesabu wagonjwa bila kutazama kiungo hicho huhesabu watu wasiokuwepo.

Hatua ya nne: tafuta, kisha thibitisha kwamba utafutaji ulieleweka

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme tunataka vipimo vyote vya shinikizo la damu la juu vya mgonjwa mmoja tangu mwanzo wa mwaka 2023. Vipimo hutambulishwa kwa misimbo ya LOINC, ambayo husimamiwa na Regenstrief Institute ya Marekani. Msimbo wa shinikizo la juu ni 8480-6, wa shinikizo la chini ni 8462-4, na jozi yao kwa pamoja ni 85354-9.

Mtu anayeanza atatafuta kwa `code` yenye 8480-6, na katika seva nyingi atapata orodha tupu. Vipimo vipo. Kilichotokea ni kwamba shinikizo la damu kwa kawaida huandikwa kama Observation moja yenye msimbo wa jozi, na namba mbili hukaa ndani yake katika sehemu ya `component`, kila moja na msimbo wake. Kigezo cha `code` hutazama msimbo wa juu peke yake. Kigezo cha `combo-code` hutazama kote kuwili:

```python
import fhirclient.models.observation as o

utafutaji = o.Observation.where(struct={
    'subject': 'Patient/' + namba,
    'combo-code': 'http://loinc.org|8480-6',
    'date': 'ge2023-01-01',
    '_count': '100',
})
```

Herufi `ge` mbele ya tarehe humaanisha tarehe hiyo au baadaye. Herufi `lt` humaanisha kabla yake. Mfumo wa msimbo umetajwa waziwazi, kwa sababu msimbo bila mfumo ni namba tu, na hospitali zenye misimbo yao ya ndani zinaweza kuwa zimeitumia namba hiyo kwa jambo jingine.

Kabla ya kuyaamini majibu, kagua ombi lililotekelezwa. Kiwango cha FHIR kinazishauri seva zipuuze vigezo zisivyovielewa badala ya kukataa ombi zima. Ukikosea herufi moja katika jina la kigezo cha tarehe, seva ya namna hiyo itakuletea vipimo vya miaka yote bila kusema neno. HAPI kwa chaguo lake la awali hukataa kwa hitilafu ya 400, jambo ambalo mimi nalipendelea, lakini huwezi kutegemea kila seva ifanye hivyo. Kinga yake iko katika jibu lenyewe:

```python
kifurushi = utafutaji.perform(smart.server)
for kiungo in kifurushi.link or []:
    print(kiungo.relation, kiungo.url)
```

Kiungo chenye uhusiano wa `self` huonyesha utafutaji kama seva ilivyouelewa. Kigezo chako kikiwa hakimo humo, kimepuuzwa. Rudi kwenye CapabilityStatement uone kama seva inakitoa. Ikiwa haikitoi, itakubidi uchuje mwenyewe ndani ya Python baada ya data kufika.

Hatua ya tano: fuata kurasa zote

Orodha hiyo hiyo ya viungo huweza kuwa na kingine chenye uhusiano wa `next`. Kikiwepo, ulichopokea ni ukurasa wa kwanza tu. `_count` ni ombi la ukubwa wa ukurasa, na seva ina haki ya kuleta pungufu ya ulichoomba. Kuandika `_count` ya 10000 hakukuhakikishii kwamba umepata vyote.

Katika matoleo ya zamani ya fhirclient, `perform_resources` ilirudisha yaliyomo katika ukurasa wa kwanza na kunyamaza, na programu nyingi zilizoandikwa wakati huo bado zinafanya kazi hivyo. Katika matoleo mapya iko njia inayofuata kurasa yenyewe:

```python
for kipimo in utafutaji.perform_resources_iter(smart.server):
    ...
```

Ukilazimika kubaki na toleo la zamani, fuata kiungo cha `next` kwa mkono hadi kisiwepo, na utumie anwani yake kama ilivyo bila kuibadilisha, kwa maana seva nyingi huficha humo alama ya mahali zilipofikia. Usijaribu kubuni namba ya ukurasa. Sehemu ya `total`, inapokuwepo, ni njia nzuri ya kulinganisha, lakini si ya lazima, na haihesabu rasilimali zilizoongezwa kwa kigezo cha `_include`, kinachoomba rasilimali zinazohusiana ziletwe pamoja. Hizo za `_include` huja zimechanganyika na ulizozitafuta, na OperationOutcome yenye maonyo inaweza kuwamo pia, kwa hiyo kagua `resource_type` ya kila kitu kabla ya kukitumia.

Hatua ya sita: uliza kila kipimo maswali matatu

Swali la kwanza ni la hali yake. Kila Observation ina sehemu ya `status`. Kipimo chenye `entered-in-error` kiliandikwa kimakosa, pengine kwa mgonjwa asiyehusika, na kimeachwa kwa ajili ya historia tu. Chenye `cancelled` hakikukamilika, na chenye `preliminary` bado kinaweza kubadilika. Kwa takwimu, kubali `final`, `amended` na `corrected`, na kama mazingira yako yanahitaji zaidi ya hapo, amua pamoja na mtaalamu wa tiba na uandike uamuzi huo ndani ya msimbo.

Swali la pili ni kama thamani ipo. Kipimo kinaweza kuwa na `dataAbsentReason` mahali pa namba, kwa maana kwamba kilijaribiwa kikashindikana. Kukihesabu kama sifuri ni kosa kubwa kuliko kukiacha. Wakati wake nao huweza kuwa katika `effectiveDateTime` au katika `effectivePeriod`, na anayetazama sehemu moja tu atavikosa vipimo vya wenzake walioandika kwa njia ya pili.

Swali la tatu ni kizio. Quantity ya FHIR ina `unit`, ambayo ni maandishi ya kusomwa na binadamu, na `code`, ambayo kwa kawaida ni alama ya UCUM, mfumo wa alama sanifu za vizio. Linganisha kwa `code`, baada ya kuhakikisha kwamba `system` yake ni ya UCUM. Shinikizo la damu halina utata mkubwa, kwani karibu kila mahali ni `mm[Hg]`. Sukari ya damu ni hadithi nyingine: baadhi ya maabara hutoa majibu kwa mmol/L na nyingine kwa mg/dL, na uwiano wake ni takriban 18, kiasi kwamba 5.5 ya kwanza ni sawa na kama 99 ya pili. LOINC huvipa vipimo hivyo misimbo tofauti, 15074-8 kwa mol na 2339-0 kwa uzito, hivyo anayetafuta kwa msimbo mmoja hupoteza nusu ya data, na anayetafuta kwa yote miwili bila kutazama kizio hupata wastani usio na maana. Tafuta kwa misimbo yote, ukiitenganisha kwa mkato, kisha geuza kila thamani kwa kufuata kizio chake.

Funksheni ifuatayo huchota shinikizo la juu, iwe limeandikwa peke yake au ndani ya jozi:

```python
HALI_NZURI = ('final', 'amended', 'corrected')

def shinikizo_la_juu(kipimo):
    if kipimo.status not in HALI_NZURI:
        return None
    for kipande in [kipimo] + (kipimo.component or []):
        for m in kipande.code.coding or []:
            if m.system == 'http://loinc.org' and m.code == '8480-6':
                return kipande.valueQuantity
    return None
```

Inarudisha Quantity nzima kwa makusudi. Ikirudisha namba peke yake, kizio kitakuwa kimeachwa nyuma na hakuna atakayekirejesha.

Hatua ya saba: omba ruhusa

Seva yenye wagonjwa halisi itadai utambulisho, na njia iliyozoeleka ni SMART App Launch, iliyojengwa juu ya OAuth 2.0, kiwango cha wavuti cha kutoa ruhusa. Kwanza unaiandikisha programu yako kwa mwenye seva, naye anakupa `app_id` ya kweli na kuidhinisha anwani ya kumrudishia mtumiaji (`redirect_uri`). Kisha unataja upana wa ruhusa unayoiomba:

```python
mipangilio = {
    'app_id': 'app_id_uliyopewa',
    'api_base': 'https://seva.example.org/fhir',
    'redirect_uri': 'https://programu.example.org/rudi',
    'scope': 'launch/patient patient/Patient.read patient/Observation.read',
}
smart = client.FHIRClient(settings=mipangilio, save_func=hifadhi)
smart.prepare()
anwani = smart.authorize_url
```

Mtumiaji anapelekwa kwenye `anwani`, anaingia, anakubali, na kivinjari kinarudishwa kwako kikiwa na msimbo ambao unaukabidhi kwa `smart.handle_callback`. Funksheni ya `hifadhi` ni yako mwenyewe: hupokea hali ya muunganisho na kuiweka katika kikao cha mtumiaji upande wa seva yako. Ndani yake mna tokeni, yaani alama ya siri inayothibitisha ruhusa, kwa hiyo isikae ndani ya faili ya mradi wala ndani ya kuki isiyolindwa.

Usiuache upana bila kuutaja. Usipoandika `scope`, maktaba huomba upana wake wa awali, ambao ni mkubwa kuliko unavyohitaji programu nyingi, na mwenye seva mwangalifu ataukataa. Seva zinazofuata toleo la pili la SMART huandika ruhusa kwa herufi, kwa mfano `patient/Observation.rs`, ambapo `r` ni kusoma na `s` ni kutafuta. Anayepewa `r` peke yake atasoma kipimo anachokijua lakini hatapata orodha.

Programu inayofanya kazi usiku bila mtu mbele ya skrini haiwezi kutumia njia hiyo. Hiyo hujitambulisha kwa ombi lililotiwa saini kwa ufunguo wa siri, huku ufunguo wa wazi ukiwa umeandikishwa kwa mwenye seva, na ruhusa zake huanza na `system/`. Kwa njia hiyo tokeni huishi muda mfupi. Muda unaopendekezwa ni sekunde 300, kwa hiyo kazi ndefu iwe tayari kuomba tokeni mpya katikati ya kurasa.

Hatua ya nane: tenganisha hitilafu

Maktaba ina majina tofauti kwa hitilafu tatu za kawaida. `FHIRUnauthorizedException` ni 401: tokeni imeisha au haipo, omba mpya. `FHIRPermissionDeniedException` ni 403: tokeni ni nzima ila ruhusa haitoshi, na kuomba mpya yenye upana ule ule ni kupoteza muda. `FHIRNotFoundException` ni 404. Nyingine zote hufika kama hitilafu za kawaida za maktaba ya requests, ikiwemo 410, inayosema kwamba rasilimali ilikuwepo ikafutwa, na 429, inayosema unaomba kwa kasi mno na unapaswa kusubiri.

Ile itakayokusumbua ni `FHIRValidationError`. Maktaba hukagua kila rasilimali inapoisoma, na kifurushi cha utafutaji hukaguliwa kwa pamoja, kwa hiyo kipimo kimoja kilichokosa `status` huuangusha ukurasa mzima wa vipimo mia. Wapo wanaoizunguka kwa kuruka ukurasa wenye hitilafu, na hapo data hupungua bila mtu kujua. Afadhali uchukue JSON ghafi na kuijenga kila rasilimali peke yake, `njia` ikiwa anwani ya utafutaji na `mbovu` ikiwa orodha uliyoianzisha tupu:

```python
from fhirclient.models.fhirabstractbase import FHIRValidationError

ghafi = smart.server.request_json(njia)
for ingizo in ghafi.get('entry', []):
    try:
        kipimo = o.Observation(ingizo['resource'])
    except FHIRValidationError:
        mbovu.append(ingizo['resource'].get('id'))
```

Toa idadi ya `mbovu` pamoja na ripoti yako, na umpelekee mwenye seva utambulisho wao.

Kuhusu kuandika kwenye seva

Maktaba ina `create`, `update` na `delete`, na kuzitumia ni rahisi mno kwa jambo lenye uzito huo. Ombi la `create` likikatika kwa sababu ya mtandao na programu ikajaribu tena, mgonjwa hupata kipimo kile kile mara mbili. FHIR hulizuia hilo kwa kichwa cha HTTP cha `If-None-Exist`. Watu wawili wakirekebisha rasilimali moja kwa wakati mmoja, wa mwisho hufuta kazi ya wa kwanza, isipokuwa seva imelinganisha toleo kupitia `If-Match`. Maadamu hujayapanga hayo mawili na mwenye seva, programu yako ibaki ya kusoma tu na ombi lako la ruhusa liseme hivyo.

Mahali data inapovujia

Utafutaji wa kawaida huweka vigezo ndani ya anwani, na anwani huandikwa katika kumbukumbu za seva, za seva za kati zinazopitisha maombi na za programu yako mwenyewe. Ukitafuta mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, jina hilo litabaki humo muda mrefu baada ya kazi kwisha. FHIR inaruhusu utafutaji ule ule utumwe kwa POST kwenye anwani inayoishia na `_search`, vigezo vikiwa ndani ya mwili wa ombi; fhirclient hutafuta kwa GET, kwa hiyo ombi la namna hiyo utaliandika mwenyewe pale linapohitajika. Punguza pia kiwango cha kumbukumbu za Python katika mazingira halisi, kwani ngazi ya utatuzi huchapisha anwani za maombi, na usiandike rasilimali nzima ndani ya ujumbe wa hitilafu unaotumwa kwenye huduma ya nje ya kufuatilia hitilafu. Utambulisho wa rasilimali na jina la hitilafu vinatosha kuirudia hali hiyo ukiwa ndani ya mfumo.